Kutuma si Kukasimu: Mwongozo kwa Viongozi wa Kanisa Kuhusu Ushauri na Kugawa Madaraka

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mchungaji wa usharika wenye mitaa minne, nililazwa hospitalini kwa siku 9. Siku ya tatu mwenyekiti wa kwaya alikuja kunitazama, akanipa pole, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kwa upole kama ninafahamu ulipo ufunguo wa stoo ya vyombo. Ulikuwa mfukoni mwa suruali niliyokuja nayo wodini. Hundi ya fundi wa paa ilikuwa ikisubiri saini yangu, barua za utambulisho za washarika waliohama zilikuwa zikisubiri mhuri nilioufungia kabatini, na ndoa moja ilikuwa imekwama kwa sababu daftari la matangazo lilikuwa ndani ya mkoba wangu. Usharika ule ulikuwa na mwinjilisti, katibu, mhazini na baraza la wazee lenye watu 14, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mvivu. Mimi ndiye niliyekuwa nimewazoeza kutumwa.

Kiswahili kina maneno matatu ambayo sisi viongozi huyachanganya. Kumtuma mtu ni kumpa shughuli ambayo uamuzi wake umekwisha kufanywa: nenda duka lile, nunua saruji mifuko 20, kwa bei hii. Kumkabidhi mtu kazi ni kumwachia utekelezaji wote, ingawa uamuzi mkubwa bado unarudi kwako. Kumkasimu madaraka ni kumpa haki ya kuamua kwa niaba yako ndani ya mipaka inayojulikana, na kukubali kwamba uamuzi wake utahesabiwa kuwa wako hata pale ambapo wewe ungeamua vingine. Mwongozo huu unahusu hilo la tatu, pamoja na ushauri unaolitangulia. Mambo haya mawili hayaachani, kwa kuwa kiongozi asiye na mtu wa kumwambia ukweli hatambui kazi zinazomshinda, na anapozigawa huzigawa kwa watu wasiothubutu kumrudishia neno.

Hatua ya kwanza: Andika maamuzi yako kwa wiki mbili

Chukua daftari dogo na uandike kila uamuzi unaoombwa kuutoa, mkubwa kwa mdogo, kwa muda wa wiki mbili zenye ibada za kawaida. Usiandike kazi unazofanya, kwa sababu orodha ya kazi hutufanya tujione mashujaa. Andika maamuzi tu, na kando ya kila moja andika ni nani aliyeuleta na angeweza kuamua nani mwingine. Utakuta maombi ya kutumia ukumbi, rangi ya sare za kwaya, nani aende kumwona mgonjwa wa mtaa wa mbali, kama gari la usharika libebe maiti, kiasi cha kumpa mjane aliyefika ofisini asubuhi, na kama vijana waruhusiwe kukesha.

Baada ya wiki mbili, yapange maamuzi hayo katika mafungu. Yapo ambayo taratibu za kanisa lako zimeyaweka kwa aliyewekewa mikono peke yake, kama vile kuadhimisha Ushirika Mtakatifu na kusikiliza maungamo, hayo usiyaguse. Yapo ambayo ni yako kwa sababu ya imani waliyokupa watu, kwa mfano shauri la ndoa iliyoingia nyufa. Yanayobaki, ambayo kwa kawaida ndiyo mengi kuliko yote, yako mikononi mwako kwa mazoea tu. Hilo fungu la mwisho ndilo tutakalolifanyia kazi.

Hatua ya pili: Soma upya habari za Yethro, ukiwa na kalamu mkononi

Kila semina ya uongozi wa kanisa hufika kwenye sura ya 18 ya Kutoka, na mara nyingi hupita mbio kwenda kwa wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Mgawanyo ule ni muhimu, lakini kwa maoni yangu funzo kubwa liko katika mwenendo wa mshauri mwenyewe, na ni vema usome taratibu ili ujue wa kwako atafanana na nani.

Yethro alikuwa mkwewe Musa na kuhani wa Midiani. Hakuwa Mwisraeli, hakupitia jangwani pamoja nao, na hakuwa na kesi ya kuamuliwa wala cheo cha kutafuta. Alipofika, kwanza alisikiliza habari njema na kuzifurahia, akatoa sadaka, akala chakula pamoja na wazee. Kesho yake alitazama. Alishinda akimwona Musa ameketi na watu wamemsimamia toka asubuhi hata jioni, na ndipo alipofungua kinywa, tena kwa swali: kwa nini unaketi peke yako? Musa akajibu kama ambavyo wengi wetu tungejibu, kwamba watu wanamjia yeye ili kumwuliza Mungu. Jibu hilo lilikuwa la kweli na la kiroho, na bado mkwewe alimwambia waziwazi kwamba jambo analofanya si jema, kwa kuwa litamchosha yeye pamoja na watu wale.

Hapo pana neno tunalolisahau: watu pia walikuwa wakichoka. Tunapozungumzia kiongozi mwenye kazi nyingi tunamhurumia yeye, ilhali mama aliyesimama kwenye foleni tangu alfajiri ndiye aliyepoteza siku ya shamba. Kila uamuzi unaokusubiri wewe umemkalisha mtu mahali fulani.

Kisha Yethro hakumwondoa Musa kazini. Alimwachia kuwaombea watu mbele za Mungu, kuwafundisha sheria, na kuamua mashauri magumu. Akataja sifa za wasaidizi, akaweka sharti kwamba hayo yote yatafanyika ikiwa Mungu ataagiza hivyo, yaani hakulazimisha. Mwishoni mwa sura Musa akamwacha aende zake, naye akarudi katika nchi yake. Hakubaki kambini kusimamia mpango wake, wala hakudai nafasi miongoni mwa wakuu. Mshauri anayeangalia kwanza, anayeuliza, anayesema wazi, anayekuachia uamuzi, kisha anaondoka, ni wa kutunzwa kama mboni ya jicho.

Hatua ya tatu: Tafuta watu watatu, wala usiwatafute mahali pamoja

Baraza la wazee si mbadala wa washauri, na washauri si mbadala wa baraza. Baraza lina mamlaka kwa mujibu wa katiba ya kanisa, linapiga kura na kuandika mihutasari, na wajumbe wake wana mitaa wanayoisemea. Mshauri hana kura. Ana masikio na kinywa tu.

Mmoja awe mtu wa fani inayogusa jambo lililo mbele yako. Usharika unaotaka kujenga unamhitaji mtu anayejua kusoma michoro na makadirio ya gharama kabla ya harambee kutangazwa, na usharika unaonunua kiwanja unamhitaji mtu anayejua ardhi. Kwa Tanzania, ardhi ya kanisa inapaswa kumilikiwa kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, na si kwa jina la mchungaji, hata kama ndiye aliyekiona kiwanja na kutoa fedha za kwanza. Nimeona familia za wachungaji waliofariki zikivutana na washarika juu ya jambo ambalo mwanasheria mmoja angelimaliza kwa maelezo ya nusu saa.

Wa pili awe mtu aliyewahi kuipita njia unayoipita, kama mchungaji mstaafu, mwinjilisti wa siku nyingi au mama aliyeongoza idara ya wanawake kwa miaka mingi. Huyu anajua ni mwaka gani usharika uligawanyika na kwa nini, ni koo zipi hazikai benchi moja, na ni ahadi gani ilitolewa kwa watu wa mtaa wa juu ikasahauliwa. Wa tatu awe wa nje kabisa, asiyekaa chini ya mahubiri yako na asiyepokea wala kutoa fedha katika usharika wako.

Kuhusu mwenzi wa ndoa, nitasema kwa kifupi. Mke au mume wa kiongozi huona mengi na mara nyingi huwa wa kwanza kuona, lakini si haki kumfanya kuwa mshauri pekee, kwa sababu washarika watalijua hilo mapema kuliko unavyodhani, na foleni ya ofisini itahamia jikoni.

Jihadhari na mfadhili mkubwa. Mtu aliyetoa bati zote za paa anaweza kuwa Mkristo mwema na mwenye busara, ila ushauri wake hauwezi kupokelewa kwa uzito uleule wa ushauri wa mtu asiyekudai shukrani. Mheshimu, msikilize, na utafute neno la pili. Na kwa washauri wote watatu, kuna mpaka usiovukwa: siri ya mtu aliyekuja kuungama au kulia mbele yako haipelekwi kwao, hata ikiwa imefichwa jina, kwa maana katika usharika wa watu 300 kisa kinatosha kumtambulisha mwenyewe.

Hatua ya nne: Jifunze kuusikia ushauri unaosemwa kwa adabu

Hapa ndipo penye ugumu wetu wenyewe. Katika makanisa yetu, mtu mzima hamwambii mchungaji wake kwamba amekosea. Atasema, "Baba Mchungaji, wazo hilo ni zuri sana, ila tuliombee kwanza." Mchungaji asiye mwepesi wa kusikia atajibu, "Amina, tuombe," ataomba pale pale, kisha ataendelea na mpango. Mzee atarudi nyumbani akijua kwamba alisema na hakusikiwa. Maneno "tuliombee kwanza", "tusubiri mavuno yapite", na "labda tuwasikie na akina mama" mara nyingi ni hapana iliyovikwa kanzu. Kimya cha baraza zima nacho ni cha kuchunguzwa kabla ya kuandikwa katika muhtasari kwamba wajumbe waliafiki.

Dawa yake ni kubadili namna ya kuuliza. Usiulize, "Mnaonaje mpango huu?" kwa kuwa jibu la adabu ni moja tu. Uliza, "Mzee, ungekuwa wewe unaulipia mpango huu kwa fedha ya ng'ombe wako, ungeondoa nini?" Au mpelekee mtu njia mbili ambazo zote ni zako, ili akichagua moja asionekane anakupinga. Uliza kabla hujatangaza madhabahuni, kwa maana ukishatangaza hakuna anayekushauri tena, watu wanakusaidia tu usiaibike. Katika kikao, usiwe wa kwanza kusema. Benedikto wa Nursia, aliyewaandikia watawa wake kanuni katika karne ya 6, alimtaka abate, yaani mkuu wa monasteri, aite jumuiya nzima panapokuwa na jambo kubwa na asikilize wote, kwa hoja kwamba mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora. Uamuzi ulibaki kwa abate, lakini baada ya kusikia. Kwetu naona inafaa aanze kusema mjumbe mdogo kwa umri, kwa sababu mkubwa akishasema, mdogo hana tena la kuongeza ila "naunga mkono".

Rehoboamu hutajwa kama kijana aliyewasikiliza vijana wenzake akaharibikiwa, na mahubiri mengi huishia hapo. Ukisoma kwa makini sura ya 12 ya Wafalme wa Kwanza utaona kwamba aliliacha shauri la wazee kwanza, ndipo akawaendea wale waliokua pamoja naye. Alikuwa ameshaamua, na alichotafuta ni watu wa kumpa maneno ya uamuzi huo. Siku 3 alizoomba zilikuwa nyingi za kutosha kuuliza, na hazikumsaidia kitu. Makabila 10 yakaondoka. Ukijikuta unamuuliza mtu wa nne baada ya watatu kukujibu namna moja, funga simu.

Jambo moja dogo linalosahaulika ni kumrudia mshauri na kumweleza ulichofanya. Ukiufuata ushauri wake, mwambie. Usipoufuata, mweleze sababu kwa heshima, maana asiyerudiwa na majibu huacha kusema, na hutajua ni lini ameacha.

Hatua ya tano: Wachague wanaoaminika na waliolalamika

Sifa za Yethro zilikuwa nne: uwezo wa kazi, kumcha Mungu, ukweli, na kuchukia faida ya dhuluma. Tuna desturi ya kutazama ya pili peke yake, tukimpa uhazini mtu anayeomba vizuri lakini asiyeweza kulinganisha daftari na taarifa ya benki. Yethro alitaja uwezo mwanzoni, na ninaamini hakufanya hivyo kwa bahati.

Sura ya 6 ya Matendo inatufundisha jambo jingine. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na manung'uniko yakazuka. Mitume hawakuwakemea walalamikaji, hawakuteua kamati ya kuchunguza, na hawakubeba sahani wenyewe. Waliwaambia watu wachague saba walioshuhudiwa wema, wenye kujawa na Roho na hekima, nao wawaweke juu ya jambo hilo. Yatazame majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Yote ni ya Kiyunani. Inaelekea kwamba kazi iliwekwa mikononi mwa watu wa upande uliokuwa ukilia, na manung'uniko hayatajwi tena. Kwa hiyo, kama mtaa wa mbali unalalamika kwamba ratiba ya ibada inawapendelea watu wa mjini, mtafute mtu mwaminifu wa mtaa huo na umpe ratiba.

Kisha wakawekewa mikono mbele ya wote. Usimpe mtu madaraka ofisini ukiwa umefunga mlango. Mtangaze ibadani, taja kazi yake, na useme wazi kwamba neno lake katika kazi hiyo ni neno la usharika.

Vyombo vya kupokea madaraka hayo tayari tunavyo. Wamethodisti walipoanza kugawanyika katika madarasa ya watu wapatao 12 huko Bristol mwaka 1742, chanzo kilikuwa deni la jengo: kila mmoja alipe peni moja kwa wiki, na kiongozi mmoja awapitie watu wake kukusanya. Viongozi wale walipoingia nyumba kwa nyumba walianza kukuta ugomvi, ulevi na wagonjwa, na John Wesley, mwanzilishi wao, akatambua kwamba amepata wachungaji wasaidizi bila kuwatafuta. Kwetu safari imekwenda kinyume mara nyingi. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, na Waprotestanti nao wana jumuiya na seli zao, ili watu watunzane. Lakini zipo jumuiya ambazo leo mwenyekiti wake anajulikana kwa bahasha tu. Ukitaka kukasimu huduma ya wagonjwa, mpe mwenyekiti wa jumuiya haki ya kuamua na fungu dogo la fedha, badala ya kumwagiza akuletee majina.

Hatua ya sita: Andika mipaka katika ukurasa mmoja

Anayekabidhiwa kwa mdomo hulaumiwa kwa mdomo. Waraka wa Paulo kwa Tito unaweza kusomwa kama barua ya kukasimu madaraka: unataja eneo, yaani Krete, unataja kazi, yaani kuyatengeneza yaliyopunguka na kuweka wazee katika kila mji, unataja sifa za watakaowekwa, na katika sura ya 3 unataja hata mwisho wa zamu, kwamba atakapotumwa Artema au Tikiko, Tito ajitahidi kumfuata Paulo huko Nikopoli. Barua yako haihitaji kuwa na zaidi ya hapo. Inaweza kusomeka hivi:

"Mama Mwenyekiti wa Huduma ya Huruma, kuanzia tarehe ya barua hii hadi mwisho wa mwaka wa kanisa, unaamua wewe pamoja na kamati yako ni nani asaidiwe na kwa kiasi gani, bila kuomba idhini yangu, mradi msaada kwa familia moja usizidi shilingi 150,000 kwa mwezi na jumla isizidi fungu lililopitishwa. Panapohitajika zaidi ya hapo, tuonane. Taarifa yako itakuja katika kikao cha kila robo mwaka. Jambo lolote linalohusu dhuluma kwa mtoto uniletee siku hiyo hiyo, bila kusubiri kikao."

Kiasi hicho ni mfano tu. Usharika wa kijijini na wa mjini haviwezi kulingana. Kinachotakiwa ni kwamba mtu ajue anaamua nini peke yake, anatoa taarifa ya nini baada ya kuamua, na analeta nini kabla ya kuamua.

Hatua ya saba: Kwenye fedha, kasimu kwa wawili au zaidi

Paulo alipokuwa akikusanya msaada kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Anaeleza katika sura ya 8 ya Wakorintho wa Pili kwamba ndugu aliyechaguliwa na makanisa alisafiri pamoja nao, kusudi mtu asipate kuwalaumu, wakitunza yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Nehemia naye, katika sura ya 13, aliweka juu ya hazina kuhani, mwandishi, Mlawi, na msaidizi wa kuwa karibu nao, watu wa kada tofauti waliohesabiwa kuwa waaminifu.

Kwa vitendo, sadaka ihesabiwe na watu wasiopungua wawili wasio wa familia moja, iandikwe na kusainiwa kabla haijatoka ndani ya jengo, na ipelekwe benki na mtu ambaye si mwandishi wa daftari. Fedha zinazotumwa kwa simu ziingie kwenye namba ya kanisa, kamwe si kwenye namba ya mchungaji wala ya mhazini, hata kama ni kwa Jumapili moja wakati namba inashughulikiwa. Katika Kanisa Katoliki sheria inaagiza kila parokia iwe na halmashauri ya fedha ya kumsaidia paroko. Madhehebu mengine yana kamati zao, na kosa letu kubwa ni kuziitisha wakati wa ukaguzi pekee.

Hatua ya nane: Usipokee rufaa za mlangoni

Wiki ya kwanza baada ya kutangaza, mtu atakuja nyumbani jioni na kusema, "Baba, mwenyekiti amekataa kutupa ukumbi, tukaona tukuone wewe mwenyewe." Hapo ndipo mpango wote unapona au unakufa. Ukisema, "Haya, chukueni," umemnyang'anya mwenyekiti madaraka mbele ya watu, na kesho foleni itarudi kwako ikiwa ndefu kuliko awali. Jibu linalofaa ni fupi: "Ndugu yangu, jambo hilo liko kwa mwenyekiti. Mrudie, na kama una neno jipya umwambie." Kama unaona mwenyekiti amekosea, zungumza naye ninyi wawili, na umwache abadili uamuzi kwa kinywa chake mwenyewe.

Upo mtihani mwingine unaoumiza zaidi, nao ni pale aliyekabidhiwa anapofanya vizuri kuliko wewe. Mwinjilisti anahubiri na watu wanajaa; katika sherehe ya mavuno jina lake linatajwa kabla ya lako. Katika sura ya 11 ya Hesabu, baada ya wazee 70 kupewa sehemu ya roho iliyokuwa juu ya Musa, watu wawili, Eldadi na Medadi, walitabiri kambini bila kuwapo hemani, na Yoshua akamtaka Musa awakataze. Musa alimuuliza kama anaona wivu kwa ajili yake. Tazama kwamba wivu ulianza kwa msaidizi. Mara nyingi kiongozi angekuwa na amani kama si watu wa karibu wanaomlindia heshima ambayo hakuomba ilindwe. Wakija na maneno ya namna hiyo, waulize swali la Musa.

Aliyekabidhiwa akikosea ndani ya mipaka uliyompa, beba kosa hilo barazani kama lako, kisha mfundishe faraghani. Akivuka mipaka kwa makusudi, au fedha zikipotea, hilo ni jambo la taratibu za nidhamu na halifunikwi kwa jina la upendo.

Hatua ya tisa: Ondoka kwa siku 14

Likizo ndiyo ukaguzi wa kweli. Kabla ya kuondoka, kabidhi funguo, mhuri, daftari la matangazo na orodha ya wagonjwa kwa maandishi, na umtaje mtu mmoja tu atakayekupigia simu, kwa mambo mawili tu: msiba wa ghafla unaomhitaji mchungaji mwenyewe, na hatari kwa uhai wa mtu. Zima kundi la ujumbe la wazee. Siku mbili za kwanza utahisi kama umeacha mtoto barabarani.

Jumapili utakayorudi, usiongoze ibada. Keti benchi la nyuma, sikiliza matangazo yakisomwa na mtu mwingine, na uhesabu mambo yaliyofanywa tofauti na ulivyozoea. Jumatatu mwite aliyekushikia nafasi, mpe chai, na swali la kwanza liwe ni lipi lililompa taabu kwa sababu mipaka haikueleweka. Andika anayosema kwenye ukurasa uleule wa barua yake, usahihisheni pamoja, kisha umrudishie. Ufunguo wa stoo ya kwaya ubaki naye.